Hukumu Isiyotaja Sababu: Nani Aamue Tusi ni Nini katika Michezo ya Mtandaoni?

Mwezi Julai 2015, Jeffrey Lin, mtaalamu wa sayansi ya ubongo aliyekuwa akisimamia mienendo ya wachezaji katika kampuni ya Riot Games ya Marekani, alichapisha takwimu ambazo tangu hapo hazikosekani kila yanapojadiliwa matusi ya wachezaji. Alizungumzia League of Legends, mchezo ambao timu mbili za watu watano watano hupambana mtandaoni. Alieleza kwamba ubaguzi wa rangi, udhalilishaji wa kijinsia na chuki dhidi ya mashoga, vikijumlishwa pamoja, vilikuwa vimeshuka hadi asilimia 2 ya mechi zote. Kwamba matusi ya maneno yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya asilimia 40. Na kwamba asilimia 91.6 ya wakosaji hawakurudia kosa baada ya adhabu moja tu. Miezi michache kabla ya hapo kampuni ilikuwa imeanza kuikabidhi mashine kazi ya kuhukumu. Wengi waliunganisha mambo hayo mawili wakahitimisha kwamba mashine, kwa kasi yake, ndiyo iliyowatuliza wachezaji.

Makala haya yanapinga hitimisho hilo. Tarakimu zenyewe nazichukua kama zilivyotolewa, huku nikikumbuka kuwa ni za kampuni yenyewe na kwamba hakuna mkaguzi wa nje aliyekabidhiwa daftari zima. Ninachodai ni kwamba data za Riot, zikisomwa kwa utaratibu tangu 2011, zinaonyesha kuwa mkosaji hubadilika anapoelezwa kosa lake na kuwekewa maneno yake mwenyewe mbele ya macho. Kasi ya adhabu ni jambo la pili. Tena sababu hiyo anayoelezwa huwa na uzito pale tu inapotoka kwa watu anaowatambua kuwa wenzake katika mchezo.

Kwanza niondoe dhana moja inayopendwa na watunga sera. Wanasema mchezaji hutukana kwa sababu jina lake halijulikani. Basi alazimishwe kujitambulisha, naye atatulia. Dhana hii hutegemea makala maarufu ya John Suler ya mwaka 2004 kuhusu kulegea kwa haya mtandaoni. Wanaoitegemea husahau kwamba Suler alitaja mambo kadhaa, na kutojulikana lilikuwa moja tu kati ya hayo. Mwaka 2012 Noam Lapidot-Lefler na Azy Barak wa Haifa waliyatenganisha mambo hayo katika majaribio, wakakuta kwamba kutotazamana machoni kulichochea uhasama kuliko kufichika kwa jina. Korea Kusini nayo ililijaribu wazo hilo kwa nchi nzima. Sheria ya majina halisi kwa tovuti kubwa ilianza kutumika mwaka 2007, na Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikaifuta kwa kauli moja. Kufungua akaunti ya League of Legends katika seva ya Korea kulihitaji namba ya utambulisho wa raia. Hata hivyo Korea ni moja ya maeneo matatu, pamoja na Amerika ya Kaskazini na Ulaya Magharibi, yaliyowapa watafiti Jeremy Blackburn na Haewoon Kwak ripoti zaidi ya milioni 10 za mienendo mibaya walizozichambua mwaka 2014. Kampuni ya Blizzard ilipotangaza mwezi Julai 2010 kwamba watumiaji wa kumbi zake za majadiliano wangeonyeshwa kwa majina yao halisi, iliufuta mpango huo siku chache baadaye, baada ya wachezaji kuonya kwamba ungewafichua walengwa wa vitisho kuliko wanaotisha. Sioni kwa nini tuendelee kulijadili wazo hili kana kwamba bado halijajaribiwa.

Dhana ya pili ni nzito zaidi, na imetoka kwa Lin mwenyewe. Uchambuzi wa kitengo chake ulionyesha kwamba wachezaji wabaya wa kudumu walikuwa takriban asilimia 1, na kwamba walihusika na sehemu ndogo tu ya matusi yote. Sehemu kubwa ilitoka kwa watu wa kawaida waliokuwa na siku mbaya. Huu ni ugunduzi muhimu. Unabomoa ndoto ya kuwafungia akaunti wahuni wachache na kuamka kesho katika mchezo safi. Lakini maelezo ya "siku mbaya" hayatoshi, kwa sababu hayasemi ni nani atakayetupiwa hasira ya siku hiyo. Watafiti Jeffrey Kuznekoff na Lindsey Rose walicheza mchezo wa Halo 3 kwa kutumia sauti zilizorekodiwa kabla, ya kike na ya kiume, zikisema maneno yaleyale. Sauti ya kike ilijibiwa kwa maneno hasi mara tatu ya ile ya kiume. Mwaka 2015 Michael Kasumovic na Kuznekoff walizirudia data hizo, wakaona kwamba wanaume wenye ustadi mdogo ndio waliomkabili mwanamke kwa uhasama zaidi. Siku mbaya humpata kila mtu. Anayemwagiwa hasira yake huchaguliwa, na uchaguzi huo mchezaji hujifunza kutoka kwa wenzake, kwa kuona nani hutukanwa bila mtu yeyote kukemea.

Ikiwa ndivyo, tatizo letu ni la kaida kabla ya kuwa la hasira. Kaida haijengwi na adhabu inayomfikia mtu faraghani kama tangazo la kukatiwa umeme. Hapo ndipo lilipo somo la chombo ambacho Riot ilikianzisha mwaka 2011 na kukizima mwaka 2014, kilichoitwa Tribunal. Nitakiita Baraza.

Baraza lilifanya kazi hivi. Mechi ikiisha, mchezaji aliweza kumripoti mwenzake. Ripoti zilipokusanyika dhidi ya mtu mmoja, jalada lilifunguliwa: mazungumzo yake katika mechi husika, matokeo ya mechi hizo, na malalamiko ya walioripoti. Wachezaji wazoefu waliingia, wakasoma, wakapiga kura ya kuadhibu au kusamehe. Walio wengi waliamua. Zaidi ya kura milioni 100 zilipigwa. Sijui chombo kingine katika historia ya burudani ambamo watu wengi kiasi hicho waliketi kusoma maneno ya mtu mwingine kwa makini ili waamue kama yamevuka mpaka. Watafiti wengi wamelitazama Baraza kama njia ya kupunguza gharama za kampuni. Mimi naliona kama shule. Aliyesoma majalada kumi ya matusi alirudi mchezoni akijua maneno yake mwenyewe yangesomekaje mbele ya wageni.

Ushahidi ninaouthamini kuliko wote unahusu waliohukumiwa. Takwimu za Riot zinaeleza kwamba wachezaji waliofungiwa bila maelezo walijirekebisha kwa takriban asilimia 50. Walipoelezwa ni mwenendo gani uliowaponza na kwa nini, kiwango kilipanda hadi asilimia 65. Walipopewa pia ushahidi, yaani kumbukumbu ya mazungumzo yao katika kile kilichoitwa kadi ya marekebisho, kilifika asilimia 70. Hakuna popote katika mfululizo huu ambapo adhabu iliongezwa makali. Kilichoongezwa ni maelezo, kisha ushahidi. Asilimia 15 zilipatikana kwa kumwambia mtu sababu, na 5 nyingine kwa kumwonyesha alichokiandika. Inashangaza kwamba hatua kubwa zaidi ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote, nayo ni sentensi chache zinazosema umefanya nini. Wapo walioamini kwa dhati kwamba hawakutukana mtu mpaka walipoyasoma maneno yao kwenye kadi. Yeyote aliyewahi kubishana na ndugu yake kuhusu nani alianza ugomvi atalielewa hilo.

Sasa turudi kwenye asilimia 91.6. Watetezi wa mashine husema kwamba 91.6 inaizidi 70, kwa hiyo mashine imelishinda Baraza. Ulinganisho huu hausimami. Mfumo wa mwaka 2015 haukuleta kasi peke yake. Ulipeleka kadi ya marekebisho, yenye ushahidi, ndani ya dakika 15 hivi baada ya mechi. Kasi na maelezo vilifika katika bahasha moja, na hakuna kipimo kilichochapishwa kinachovitenganisha. Isitoshe, mashine hiyo ilifundishwa kutofautisha tusi na utani kwa kutumia kura zilezile za Baraza. Ilichokifanya ni kurudia, kwa haraka, uamuzi ambao binadamu walikwisha kuutoa.

Blackburn na Kwak wanatupa kipimo cha urudiaji huo, ingawa wao wenyewe walikusudia kuipigia debe mashine. Programu yao ilibashiri vizuri maamuzi ya Baraza katika kesi ambazo wapiga kura walikubaliana kwa wingi mkubwa. Lakini kesi ambazo watu wote wanakubaliana hazikuhitaji hekima ya yeyote. Thamani ya baraza lolote iko kwenye zile zinazogawanya wajumbe: kejeli kwa mwenzi aliyeanza kucheza jana, utani wa marafiki unaosikika na mgeni, ukimya wa makusudi unaoiangusha timu. Katika kesi hizo kaida yenyewe bado inatafutwa. Mashine iliyojifunza kutoka kwa kura za miaka ile mitatu haiwezi kuitafuta kaida ya leo, maana matusi huzaliwa upya kila msimu na ya zamani hugeuka mzaha.

Yapo mapingamizi, nami nitajibu yale ninayoyaona mazito. La kwanza ni kwamba walio wengi wanaweza kuonea. Ni kweli. Mwanzoni Baraza liliwazawadia wapiga kura waliokuwa upande ulioshinda, na zawadi ya namna hiyo humshawishi mtu kukisia wengine watasema nini badala ya kusoma jalada. Riot iliiondoa baadaye, na ilifanya vyema. La pili ni ucheleweshaji: majalada yalikaa muda mrefu, na adhabu inayokuja wakati mtu amekwisha kuisahau mechi hupoteza nguvu. Hapa wapinzani wangu wana haki, na ndiyo maana sipendekezi mashine itupwe. Iachiwe kesi za wazi, ambazo ndizo nyingi, na ipeleke kadi yenye ushahidi papo hapo. Zile zenye utata ziende kwa watu.

Wengine watauliza kwa nini tusiiachie kampuni yenyewe, yenye wataalamu na sheria zake. Riot, iliyokuwa ikiwaadhibu wachezaji kwa kuwadharau wanawake, ilikubali mwezi Desemba 2021 kulipa dola milioni 100 ili kumaliza kesi ya ubaguzi wa kijinsia dhidi ya wafanyakazi wake. Silitaji hilo kwa kusuta. Nalitaja kwa kuwa linaonyesha kwamba ujuzi wa kupima matusi ya wengine haumpi mtu mamlaka ya kuwa hakimu wa pekee. Hata LambdaMOO, ulimwengu wa maandishi alioanzisha Pavel Curtis katika maabara ya Xerox, ilijifunza hivyo mapema. Julian Dibbell alieleza mwaka 1993 jinsi mhusika aliyewadhalilisha wenzake alivyofutwa na msimamizi mmoja kwa uamuzi wake peke yake, baada ya wakazi kujadili bila kufikia uamuzi. Jibu la Curtis halikuwa kuwaongezea wasimamizi nguvu. Alianzisha maombi na kura za wakazi.

Hapa Afrika Mashariki suala hili limekuwa likiangukia mikononi mwa sheria za jinai. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3 kwa unyanyasaji wa mtandaoni. Kifungu cha 27 cha sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kinafika faini ya shilingi milioni 20 au miaka 10 gerezani. Kwa anayetishia kumuua mtu au kumwandama binti hadi nje ya mchezo, sheria hizo zinahitajika. Kwa kijana wa miaka kumi na sita aliyemtukana mlinda lango wake baada ya kufungwa bao la tatu, ni nyundo. Upande wa pili tuna mashine ambayo haikutengenezwa kwa ajili yetu: kampuni ya Activision ilipoanza mwaka 2023 kutumia programu ya ToxMod kusikiliza sauti za wachezaji wa Call of Duty, ilianza na Kiingereza huko Amerika ya Kaskazini. Wachezaji wa Mombasa, Mwanza au Bujumbura wanaotukanana kwa Kiswahili hubaki kati ya mfumo usiowasikia na gereza linalowasikia kupita kiasi.

Ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya inampa mtu anayeathiriwa na hatua ya kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Haikuandikwa kwa ajili ya gemu, na mahakama inaweza kukataa kuivuta hadi huko. Hata hivyo kanuni iliyo ndani yake ndiyo ileile iliyojitokeza katika asilimia 65 za Riot, na wadhibiti wetu wa mawasiliano wanaweza kuidai bila kusubiri sheria mpya. Kila kampuni inayouza michezo ya mtandaoni katika nchi zetu itakiwe kumpa aliyefungiwa akaunti sababu na ushahidi kwa lugha aliyotumia kutukana, na kuwapa wachezaji wazoefu wa lugha hiyo kura katika kesi zenye utata. Itakiwe pia kutoa data za hukumu hizo kwa vyuo vikuu vyetu, majina yakiwa yamefichwa, ili mara ijayo mtu akituambia kwamba asilimia 91.6 wamejirekebisha, tuweze kuhesabu wenyewe.