Tarumbeta Isiyopulizwa: Chombo cha Shaba katika Mchoro wa Vermeer

Insha hii inachunguza tarumbeta iliyomo katika mchoro wa Johannes Vermeer uitwao Sanaa ya Uchoraji, uliochorwa Delft, Uholanzi, mnamo miaka ya 1666 hadi 1668. Hoja yetu ni kwamba ishara hiyo ya sifa haieleweki barabara pasipo kuzingatia yaliyoupata mchoro wenyewe.

Mwanamke anayechorwa ni Clio, mlezi wa historia katika visasili vya Kiyunani. Kichwani ana shada la majani. Mkono mmoja umekumbatia kitabu, mwingine umeshika tarumbeta. Alama hizo zimo katika Iconologia ya Cesare Ripa, iliyotolewa kwa Kiholanzi mwaka 1644: kitabu huhifadhi matendo, tarumbeta huyatangaza. Tarumbeta za zama hizo hazikuwa na vali, kwani vali zilibuniwa katika karne ya 19; mpigaji alitegemea midomo na pumzi zake tu. Hata hivyo, Clio haipulizi. Ameinamisha macho, naye mchoraji aliyetupa mgongo ameanza na majani ya shada; tarumbeta bado haijafikiwa na brashi yake. (Anayeijua siwa ya shaba ya Lamu hatashangaa kuona chombo kikiheshimiwa hata kikiwa kimya.)

Ni rahisi kuiona tarumbeta hiyo kuwa majigambo ya msanii. Tafsiri hiyo haitoshi. Vermeer alibaki na mchoro huo hadi alipofariki mwaka 1675, akiacha madeni mengi. Mwaka uliofuata mjane wake, Catharina Bolnes, aliukabidhi kwa mama yake, Maria Thins, akijaribu kuuepusha na wadai. Baadaye jina la Vermeer lilififia kiasi kwamba Johann Rudolf Czernin alipoununua mwaka 1813, ulihesabiwa kuwa kazi ya Pieter de Hooch. Ni mwaka 1860 ndipo Gustav Waagen alipoutambua kuwa wa Vermeer. Kwa miongo kadhaa, basi, tarumbeta ya sifa ilikuwa ikimtangaza mtu mwingine.

Sifa iliporejea, ilileta walioitamani kwa nguvu. Adolf Hitler aliununua mchoro huo mwaka 1940. Vita vilipokwisha ulikutwa katika mgodi wa chumvi wa Altaussee, na sasa umo katika jumba la makumbusho la Kunsthistorisches, Vienna. Madai ya warithi wa Czernin ya kurudishiwa yalikataliwa mwaka 2011.