Stesheni ya Miwani

Msomaji, ukisimama Awasi, kando ya barabara kuu itokayo Kericho kwenda Ahero na Kisumu, waona mabasi, malori na soko lenye watu wengi. Lakini reli huioni. Reli imepita kaskazini, upande wa vilima vya Nandi, kwa Muhoroni, Chemelil, Kibigori, Miwani na Kibos. Na tuitazame stesheni moja, Miwani, tupate kujua ni nini huipa stesheni uhai, na ni nini huiua.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896. Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kuifanya kazi hiyo, na wapatao 2,500 walikufa. Tarehe 20 Desemba 1901 reli ilifika ziwani, mahali palipopewa jina la Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Siku hizo nchi hii ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Haikutiwa katika himaya ya Afrika ya Mashariki ila mwaka wa 1902.

Reli haikuleta mizigo tu, ilileta na wenye mashamba. Kando ya njia hiyo, kutoka Kibos hadi Muhoroni, serikali ya kikoloni iliwagawia Wahindi ardhi, nao wakapanda miwa. Mwaka wa 1922 kikajengwa kiwanda cha sukari Miwani, na jina lenyewe latokana na miwa. Sukari ikapata njia ya sokoni, stesheni ikapata kazi.

Kisha kazi ikapungua. Mwaka wa 1931 reli ipitayo Eldoret ilifika Kampala, na mizigo ya Uganda haikulazimika tena kuvuka ziwa kwa meli hadi Kisumu. Baadaye malori na mabasi yakawachukua wateja wa reli. Mwaka wa 2001 kiwanda cha Miwani kilifilisika, mitambo ikasimama. Gari la abiria la Nairobi na Kisumu nalo lilikoma kwa miaka mingi. Liliporudi Desemba 2021, kiwanda kilikuwa kimya bado.

Basi, msomaji, uonapo stesheni iliyofungwa, usiulize tu gari la moshi limekwenda wapi. Uliza pia mzigo wake ulikuwa nini, ulilimwa katika ardhi ya nani, na nani alifaidika nao.