Hati za Mto Zambezi

Kabla ya Wareno, biashara ya dhahabu pale Sena, kwenye Mto Zambezi, ilishikwa na Waislamu wa pwani. Mwaka 1572 askari wa Mreno Francisco Barreto waliwaua wengi wao. Karne iliyofuata Wareno walijitwalia nchi kandokando ya mto, kwingine kwa vita, kwingine kwa kupewa na watawala wenyeji. Ufalme wa Ureno ukawafuata na karatasi: ardhi ni ya mfalme, wao ni wapangaji. Mashamba hayo yakaitwa prazo.

Hati ya prazo ilidumu kwa umri wa watu watatu. Mara nyingi aliyeandikwa ni mwanamke, kwa sharti aolewe na Mreno. Naye humrithisha binti, na binti mjukuu. Mjukuu akifa, ardhi hurudi kwa mfalme, ila jamaa waliweza kuomba hati mpya. Hadi 1752 Msumbiji ilikuwa chini ya Goa, basi ombi lilishuka mto mpaka Quelimane, likapakiwa chombo hadi Kisiwa cha Msumbiji, likangoja kusi ivushe jahazi hadi India. Uthibitisho wa mwisho ulitoka Lisbon. Wakati huo wote aliyeomba yumo shambani, anakusanya kodi ya nafaka.

Wakulima hawakumtii mtu kwa sababu ya muhuri. Mwenye prazo alilazimika kukaa kichifu: aamue kesi, awagawie nguo na shanga Wachikunda, watumwa wake wenye bunduki. Akiwa mchoyo, walimtoroka au walimgeuka, hata kama wino wa hati yake haujakauka.

Lisbon ilizifuta prazo mwaka 1832, ikazifuta tena 1854. Mtoni hapakubadilika kitu. Akina Da Cruz, ukoo wenye prazo ya Massangano, walikaa kwa nguvu ya Wachikunda wao. Mkuu wao Bonga aliyashinda majeshi ya serikali kati ya 1867 na 1869, na ngome yao ikaanguka 1888 tu.

Baada ya hapo karatasi ikapata meno. Sheria ya 1890 ilizikodisha prazo kwa mnada, na sehemu ya kodi ikalipwa kwa kazi ya mikono. Manica na Sofala zikapewa kampuni ya Companhia de Moçambique kwa mkataba wa muda. Muda ulipokwisha mwaka 1942, Lisbon ilikataa kuuongeza, na kampuni ikakabidhi utawala bila kufyatua risasi. Wakulima waliendelea kutozwa kodi, sasa na serikali yenyewe.