Rashi, Mwalimu wa Troyes

Kwaresima moja tulikuwa tukiwafundisha watoto Njia ya Msalaba. Tulipofika penye hukumu ya Pilato, tukasema kama tulivyozoea kusema: Wayahudi walimwua Bwana wetu. Msichana mmoja akanyosha mkono, akauliza: «Mwalimu, na Bikira Maria alikuwa wa kabila gani?» Tukajibu: Myahudi. «Na Petro?» Myahudi. «Na Yezu mwenyewe?» Darasa zima likanyamaza, likitutazama.

Siku ile tulitambua ya kuwa tulikuwa tukisema kwa haraka mno juu ya watu tusiowajua. Tukaanza kutafuta vitabu. Na katika kutafuta tukakutana na mwalimu mmoja, ambaye tulipata kusikia jina lake mara moja tu seminarini, likapita. Ndizo habari zake tunazotaka kuwasimulia.

Jina lake ni Shlomo mwana wa Isaka. Wayahudi humwita Rashi, yaani herufi za mwanzo za cheo chake na majina yake zikiunganishwa. Alizaliwa mwaka 1040 katika mji wa Troyes, nchi ya Champagne, huko Ufaransa. Ni nchi ya mizabibu, na husemwa kwamba yeye pia aliilima ili apate riziki, maana kwa Wayahudi wa siku zile haikufaa mtu kuuza mafundisho ya Sheria ya Mungu. Katika ujana wake alikwenda kusoma Mainz na Worms, miji ya mto Rhine, kisha akarudi kwao kufungua shule.

Yafaa tueleze kwanza kusoma ni nini kwao. Mwaka 70 Warumi waliliteketeza Hekalu la Yerusalemu. Tangu hapo Wayahudi hawakuwa tena na altare wala sadaka. Walibaki na Kitabu. Kuisoma Sheria, kuulizana juu yake, na kubishana mpaka maana ipatikane, hayo yakawa kwao ibada. Mabishano ya walimu wao yalikusanywa kwa karne nyingi yakawa kitabu kikubwa sana kiitwacho Talmud. Lakini kitabu hicho ni kigumu. Kimeandikwa kwa Kiebrania na Kiaramu, maneno yake yamekatwa mafupi, na mara nyingi msomaji hajui ni nani asemaye, wala kama anauliza au anajibu.

Basi Rashi alikaa kando ya msomaji, tuseme hivyo, akamshika mkono. Alieleza karibu Biblia nzima ya Kiebrania na sehemu kubwa ya Talmud, kwa maneno machache, sentensi kwa sentensi. Na alipofika penye neno wasilolijua wanafunzi wake, kama jina la mti, la chombo cha fundi au la ugonjwa, aliandika hapo neno la Kifaransa cha watu wa Troyes kwa herufi za Kiebrania. Sisi makatekista kazi hiyo twaijua vema. Tukisoma Injili ya mzabibu na matawi yake, watu wengi wa vijijini hawajauona mzabibu hata siku moja. Wajua divai ya Misa tu. Twatafuta mmea wa kwetu unaotambaa juu ya miti, twautaja kwa lugha ya kijiji, ndipo nyuso zinapofunguka. Maneno hayo ya Rashi ni maelfu, na siku hizi wataalamu wa Kifaransa cha kale wanayachunguza kama hazina.

Tena lipo jambo dogo tulilolipenda sana. Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 28, aya ya 5, Rebeka anatajwa kuwa mama wa Yakobo na Esau. Msomaji amekwisha kulijua hilo. Kwa nini lirudiwe? Rashi anakiri waziwazi kwamba hajui maneno hayo yanatufundisha nini. Angaliweza kunyamaza, maana hakuna aliyemwuliza. Mwalimu aliyesimama mbele ya darasa anajua kukiri hivyo ni kazi gani.

Mwaka 1095 Papa Urbano II aliwaita wakristu waende kuikomboa Yerusalemu. Hakuagiza Wayahudi wauawe. Lakini mwaka 1096 makundi ya watu wenye alama ya msalaba nguoni yaliingia katika miji ya Rhine. Huko Worms na Mainz, ndiyo miji aliyosomea Rashi, Wayahudi waliuawa kwa mamia, wanaume, wanawake na watoto. Wengine waliwaua watoto wao na kujiua wenyewe kuliko kubatizwa kwa nguvu. Askofu wa Speyer aliwalinda Wayahudi wa mji wake, akaokoa walio wengi. Askofu mkuu wa Mainz aliwaingiza nyumbani mwake, lakini wauaji walipofika alikimbia. Rashi alikuwa Troyes, mtu wa miaka 56. Aliendelea na kazi yake mpaka kufa, mwaka 1105. Aliacha mabinti, waume wao na wajukuu wake ndio walioshika shule.

Sasa twafika penye uchungu. Mwaka 1239 Papa Gregori IX aliagiza vitabu vya Wayahudi vichunguzwe, kwa kuwa Nicolas Donin, Myahudi aliyebatizwa, alivishitaki kuwa vinamtukana Kristu. Mfalme wa Ufaransa alitii. Jumamosi moja ya Kwaresima ya mwaka 1240, Wayahudi walipokuwa katika masinagogi yao wakisali, vitabu vyao vilikamatwa. Rabi Yehiel wa Paris alivitetea mbele ya mama wa mfalme, asishinde. Hata maelezo ya Rashi yaliingizwa katika mashitaka. Mwaka 1242 magari 24 yaliyojaa vitabu yalichomwa moto mjini Paris. Uchapaji haukuwako bado. Kila kitabu kiliandikwa kwa mkono. Mwanafunzi mmoja, Meir wa Rothenburg, alitunga wimbo wa maombolezo juu ya moto huo, na hata leo Wayahudi wengi wanausoma siku ya kukumbuka kubomolewa kwa Hekalu.

Na mfalme huyo ni nani? Ni Mtakatifu Ludoviko, tunayemkumbuka tarehe 25 Agosti, yule aliyewaosha maskini miguu. Tulipolisoma hilo tulikifunga kitabu. Hatukuona namna ya kulipunguza, wala hatutaki kulificha.

Lakini kuna lililotushangaza zaidi. Katika mji uleule wa Paris, kati ya mwaka 1322 na 1331, mtawa Mfransiskani jina lake Nicolas de Lyre aliandika maelezo ya Biblia nzima. Alijua Kiebrania, na alitafuta maana iliyo wazi ya kila neno. Kila mara anamtaja mwalimu mmoja anayemwita Rabi Salomon. Ndiye Rashi! Nicolas huyo aliandika pia kupinga dini ya Wayahudi, tusimpambe. Walakini kitabu chake kilikuwa mwongozo wa mapadri kwa muda mrefu, kikachapwa Roma mwaka 1471 na 1472. Basi wahubiri wangapi walipanda mimbarini na maneno ya Rashi mdomoni, bila kujua! Wayahudi wenyewe walifukuzwa Ufaransa mwaka 1306, wakarudishwa, wakafukuzwa tena mwaka 1394. Maelezo ya Rashi yalichapwa Reggio di Calabria mwaka 1475. Ndicho kitabu cha kwanza cha Kiebrania kilichochapwa chenye tarehe yake.

Eklezya ilichukua muda. Mwaka 1959 Papa Yohane XXIII aliondoa katika sala ya Ijumaa Kuu neno lililowaita Wayahudi wasioamini kwa dharau. Mwaka 1965 Mtaguso wa Vatikano ulitangaza kwamba mateso ya Kristu hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule, wala juu ya Wayahudi wa leo. Mwaka 2001 Tume ya Papa ya Biblia iliandika kwamba wakristu wanaweza kujifunza mengi kutoka namna Wayahudi wanavyosoma Biblia.

Kwaresima iliyofuata tulifundisha tena Njia ya Msalaba. Penye hukumu tuliwataja waliokuwapo: Pilato Mrumi, askari wake, wakuu wa makuhani, umati wa watu, tena, mbele kidogo, wanawake wa Yerusalemu waliomlilia. Yule msichana alisikiliza mpaka mwisho. Hakunyosha mkono.