Maziwa ya Kondoo

Sisi wa Ihanda, katika nchi ya Unyiha, kama watu wa mahali pengi pa Tanzania, twafuga kondoo kwa nyama. Maziwa twawaachia wanakondoo. Kwingine sivyo. Warendille wa kaskazini ya Kenya hukama kondoo tangu zamani. Nao Wafaransa hufanya jibini ya Roquefort kwa maziwa hayo tu, wakailinda kwa sheria mwaka 1925. Uzuri wake ni huu: katika mia ya maziwa ya kondoo, mafuta ni kama 7, katika ya ng'ombe ni kama 4. Lakini kondoo wetu wa kienyeji hutoa maziwa haba. Akikamwa kabla mwanawe hajashiba, mwana hudhoofika hata kufa. Basi na tumshibishe kwanza mwana, ndipo tushike kibuyu.