Pori na Mbung'o Handeni

Mwanachuo apandaye mti hudhani kwamba pori na hifadhi ni kitu kimoja. Historia ya Handeni yamkanusha. Katika karne ya 19 Wazigua walifyeka vichaka kuzunguka vijiji na mashamba yao, wakalisha ng'ombe humo. Mbung'o, wapendao kivuli, wakakosa makao. Njaa ya 1894 hadi 1896 iliwatawanya watu. Majembe yakakosa mikono, pori likarudi, na mbung'o pamoja nalo, na mifugo ikafa. Mwanahistoria James Giblin aliyaeleza hayo katika kitabu chake cha 1992. Basi chuo kinachotaka kutunza ardhi yake, Korogwe au kwingineko, kwanza kimwulize mkulima aliye jirani, ndipo kishike mche.