Daktari aliyetafuta vita vya Mau Mau ndani ya nafsi

Mwaka 1994 Mto Kagera ulileta maiti. Wakazi wa vijiji vya mpakani vya Karagwe, ambavyo leo viko Wilaya ya Kyerwa, waliishi kando ya mto uliozibeba kutoka Rwanda, kwenye mauaji ya kimbari, hadi Ziwa Victoria, nyingine zikiwa zimefungwa mikono. Kisha wakaja wakimbizi, na Rubwera nayo ikawa na kambi. Swali linalozuka mbele ya mambo kama hayo halihitaji shahada: hawa watu wameingiwa na nini? Jirani mliyekunywa naye rubisi jana, leo anakushikiaje panga?

Swali hilo lina historia ndefu, na ukurasa wake mchungu kwetu uliandikwa Nairobi.

Awali lilijibiwa Ulaya. Sigmund Freud, tabibu wa Vienna, aliandika mwaka 1920, vumbi la Vita Kuu ya Kwanza likiwa halijatulia, kwamba ndani ya kila mtu zinavutana silika mbili, ya uhai na ya mauti. Ile ya mauti ikielekezwa nje, humwangukia mwingine. Mwaka 1932 Albert Einstein alimwandikia kumuuliza kama kuna namna ya kuwaokoa watu na vita. Freud akajibu kwamba tamaa ya kuangamiza haing'oki. La kufanya ni kuimarisha yale yanayowafunga watu pamoja. Mwaka 1939 John Dollard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale wakaja na jibu jepesi zaidi: ukali hutokana na mtu kuzuiwa anachokitaka, na hasira yake mara nyingi humshukia asiyehusika.

Hao walikuwa wanamsema binadamu, popote alipo. Maelezo ya aina hiyo yalipotua Afrika Mashariki yakawa ya Mwafrika peke yake.

Aliyeyatua ni Dk. John Colin Carothers, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyeingia Kenya mwaka 1929 kama daktari wa kawaida. Mwaka 1938 alikabidhiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kabla hajasomea fani hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Kwa sifa hizo, hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilipopamba moto, serikali ya kikoloni ilimwita aichunguze Mau Mau, uasi wa Wakikuyu dhidi ya ukoloni.

Ripoti yake ya 1954 ilisema Wakikuyu wamepoteza mila zilizowashika kwa nje, na hawajapata dhamiri ya kuwashika kwa ndani. Wasiwasi wao ndio uliozaa viapo vya Mau Mau na mauaji. Tiba aliyoipendekeza ilikuwa pamoja na kuwakusanya vijijini. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa lazima, wengi wakizungushiwa seng'enge na mahandaki. Mashamba yaliyochukuliwa na walowezi hayakuwa kiini cha maelezo yake. Mtu ananyang'anywa shamba, akikasirika anapimwa akili!

Maofisa nao walikiona kiapo kama ugonjwa unaotibika kwa kukiri na kufanya kazi. Machi 3, 1959, katika kambi ya kizuizini ya Hola, wafungwa waliogoma kufanya kazi walipigwa hadi 11 wakafa. Serikali ilitangaza kwanza kwamba wameuawa na maji waliyokunywa. Katika vita vyote vya Mau Mau walowezi 32 waliuawa. Waafrika walionyongwa kwa hukumu za mahakama walikuwa zaidi ya 1,000.

Frantz Fanon, daktari wa akili mzaliwa wa Martinique, alimjibu Carothers kwa jina katika kitabu chake cha mwaka 1961, kilichotafsiriwa kwa Kiswahili kama Viumbe Waliolaaniwa. Katika hospitali ya Blida, Algeria, alikuwa amewatibu walioteswa na polisi waliowatesa. Hakukana kwamba hasira huzama nafsini. Alieleza jinsi mtawaliwa anavyoanza kumrukia ndugu yake kabla ya kumgeukia bwana. Ila alitaja nani aliyeipanda hasira hiyo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo anapomshinda Carothers.

Kipimo hicho, cha kuuliza nani aliyeipanda hasira, kinafaa hata kwa Rwanda. Chuki ilikuwapo vifuani, lakini ililishwa: redio RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993, wanamgambo wakafunzwa, majina yakaorodheshwa. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha haikuhukumu silika. Desemba 3, 2003 iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura.